Fifi, Manowari ya Nyara: Kikosi cha Ziwa Tanganyika na Njia Yake ya Lualaba, 1915–1916

Miongoni mwa vyombo vilivyopigana katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hakuna kilichobadilisha bendera upesi kama stima ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Kingani, ambayo ilitekwa na Waingereza karibu na bandari ya Kalemie tarehe 26 Desemba 1915, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Fifi, na baada ya wiki sita na ushei ikashiriki kuizamisha meli iliyokuwa ikifanya nayo doria. Kikosi kilichoiteka kilijulikana rasmi kama Msafara wa Wanamaji wa Afrika, nacho kilikuwa taasisi ya aina yake: wanamaji wapatao thelathini, boti mbili za injini zilizosafirishwa nchi kavu kutoka Rasi ya Tumaini Jema, na maisha yasiyozidi miaka miwili. Huko Ulaya habari zake zimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha nahodha mwenye vituko, lakini zikitazamwa kutoka upande wa Kolwezi zinaonekana kuwa sehemu ya historia ya uchukuzi wa ukanda wa shaba, kwa sababu bila reli iliyojengwa kwa ajili ya madini, na bila nguvu za watu wa nchi iliyo kati ya Fungurume na Bukama, boti hizo zisingalifika ziwani na Kingani isingaliitwa Fifi kamwe.

Desturi ya kuitwaa meli ya adui na kuifanya ya kwako ni ya kale. Chombo kilichokamatwa vitani huhesabiwa kuwa nyara, yaani mali iliyopatikana kwa ushindi, na dola iliyokiteka huwa na hiari ya kukiuza, kukivunja au kukipa mabaharia wake na kukirudisha vitani. Waingereza waliizoea desturi hii hasa katika vita vyao virefu na Ufaransa, hata katika mapigano ya Trafalgar ya mwaka 1805 kundi lao lilikuwa na meli kubwa zilizojengwa na Wafaransa, kama vile Tonnant na Belleisle, ambazo zilipigana dhidi ya taifa lililoziunda. Kingani ilikuwa kijichombo mbele ya majitu hayo, kwa kuwa urefu wake ulikuwa kama mita 17 tu, lakini mkondo wa maisha yake ulikuwa uleule: kujengwa na mmoja, kutekwa na mwingine, kutengenezwa kwa haraka na kugeuzwa silaha dhidi ya mwenyewe wa kwanza.

Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka wa makoloni matatu: Afrika Mashariki ya Kijerumani upande wa mashariki, Kongo ya Wabelgiji upande wa magharibi, na Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza kusini. Kwa kuwa ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na barabara za kuzunguka fukwe zake hazikuwapo, aliyemiliki stima aliweza kuhamisha askari na chakula apendako, na asiye nayo alikaa pwani akisubiri kushambuliwa. Wajerumani walilitambua jambo hilo mapema. Tarehe 22 Agosti 1914 stima yao, Hedwig von Wissmann, iliishambulia stima ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune na kuiharibu, na mwezi Novemba wakaizamisha Cecil Rhodes ya Waingereza huko kusini, hivi kwamba kabla ya mwaka kwisha ziwa lote lilikuwa mikononi mwao. Mabaharia wao hawakuwa watu wa kuokoteza, kwani walitoka katika meli ya upimaji ya Möwe, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha katika bandari ya Dar es Salaam vita vilipoanza ili isiangukie mikononi mwa Waingereza, nao wakapelekwa Kigoma chini ya kamanda wao Gustav Zimmer.

Kwa msomaji wa Kolwezi, jina la stima iliyoharibiwa si geni. Alexandre Delcommune, ambaye stima hiyo iliitwa kwa jina lake, ni yule mpelelezi Mbelgiji aliyefika Bunkeya, mji wa Mwami Msiri, mwaka 1891, kisha akajaribu kuufuata mto Lualaba kwa mitumbwi na kuzuiwa na magenge ya Nzilo, mahali ambapo mto unabanwa na miamba na kuteremka kwa kasi isiyopitika. Wabelgiji walipojenga bwawa la umeme hapo Nzilo miaka ya 1950, walilipa jina lake pia. Magenge hayo yanaeleza kwa nini historia hii ilipita Fungurume badala ya kupita mahali palipo na Kolwezi ya leo: Lualaba ya juu ni mto wa maporomoko, na chombo hakiwezi kuelea kwa raha mpaka kifike Bukama.

Kingani yenyewe haikuzaliwa ziwani. Ilijengwa Ujerumani katika miaka ya 1890, ikapewa jina la mto unaoingia baharini karibu na Bagamoyo, na kwa muda mrefu ilifanya kazi za serikali ya koloni katika pwani ya Dar es Salaam. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na baada ya vita kuanza stima hiyo ilipandishwa garini ikapelekwa ziwani, ambako ilifungiwa mzinga sehemu ya mbele. Mzinga huo uliweza kupiga mbele tu. Nyuma na ubavuni chombo kilikuwa wazi. Kasoro hiyo, ambayo haikuwa na uzito wowote dhidi ya adui asiye na meli, ndiyo iliyokuja kuigharimu. Kwa njia hiyohiyo ya reli ilifika meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, iliyotengenezwa na karakana ya Meyer ya Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Habari za meli hiyo mpya zilipelekwa London na mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee, aliyeifahamu nchi ya ziwa, ambaye mwezi Aprili 1915 aliwaeleza wakuu wa Idara ya Wanamaji kwamba boti ndogo zenye mwendo zingeweza kupelekwa ziwani kupitia Katanga na kuzishinda stima za Wajerumani. Shauri hilo lilikubaliwa haraka kuliko ilivyotarajiwa, pengine kwa sababu lilihitaji gharama ndogo. Zilichaguliwa boti mbili za mbao zenye urefu wa mita 12, zilizojengwa na karakana ya Thornycroft, zenye injini za petroli na mwendo wa kasi kushinda stima yoyote ya ziwani. Kila moja iliwekewa mzinga mdogo wa ratili 3 (yaani mzinga unaorusha kombora lenye uzito wa ratili 3, au kilo moja na theluthi hivi) na bunduki ya mtombo nyuma.

Uongozi alipewa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa mzaliwa wa Tasmania ambaye kazi yake hadi wakati huo ilikuwa mfululizo wa mikosi. Mwezi Novemba 1914 meli yake, Niger, ilizamishwa na nyambizi karibu na pwani ya Uingereza wakati yeye yuko nchi kavu. Alipendekeza boti ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, akazipa majina ya Kifaransa ya kitoto, Mimi na Toutou, nao wakayapitisha. Mtu huyu alivaa sketi badala ya suruali, alikuwa na chale za michoro mwilini, na wenyeji wa Kalemie walimwita Bwana Chifunga-tumbo. Waandishi wengi wamevutwa na mambo hayo hata wakasahau kwamba sifa iliyomfaa zaidi katika kazi hii ilikuwa ya kawaida kabisa, nayo ni kwamba alijua Kifaransa na aliweza kuzungumza na maofisa wa Kibelgiji bila mkalimani.

Boti ziliondoka Uingereza katikati ya Juni 1915 zikiwa juu ya meli ya abiria, zikafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, kisha zikapakiwa juu ya mabehewa ya reli kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 kwenda Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo. Reli hii ilistahili kuitwa reli ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910, na tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Baada ya hapo reli ikasogezwa kuelekea Kambove na kuendelea kaskazini-magharibi, lengo likiwa kuifikia Bukama, mahali ambapo Lualaba huanza kupitika kwa meli. Vita vilipoanza, kazi hiyo ilikuwa haijakamilika. Mwezi Agosti 1915 reli ilikomea Fungurume, kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Kolwezi, katika nchi ya Wasanga, na mji wa Kolwezi wenyewe ulikuwa bado haujajengwa.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia, ambapo palikuwa na kipande kifupi cha reli cha kufikia Bukama, ulikuwa mwendo wa kilomita 235 hivi, na katikati yake ilisimama milima ya Mitumba, ambayo njia yake ilipanda hadi kimo cha karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hapakuwa na barabara. Lee alikuwa ametangulia kuitafuta njia na kuanza kuifyeka kwa msaada wa wafanyakazi wa vijiji vya huko, lakini alipokwisha kuifanya kazi hiyo Spicer-Simson alimfukuza, na tangu hapo jina lake likafifia katika taarifa rasmi. Uamuzi huo haukuwa wa haki. Msafara uliifuata njia ambayo yeye ndiye aliyeionyesha.

Msafara uliondoka Fungurume tarehe 18 Agosti. Kila boti ilipandishwa juu ya kitoroli kizito cha magurudumu, na kazi ya kuvuta ikapewa mashine mbili za mvuke za kukokota, yaani magari makubwa yanayochoma kuni na kuchemsha maji kama vichwa vya treni lakini yanayotembea juu ya ardhi tupu. Nyuma na mbele yake walikuwako ng'ombe wa kukokota, mamia ya wapagazi na wafanyakazi wenye mashoka, majembe na mitaimbo. Mito na makorongo yaliyokatiza njia yalivukwa kwa madaraja ya magogo yaliyokuwa yakijengwa palepale. Yaliyojengwa yalizidi mia moja, na mengine yalikaa imara kwa muda wa kuvushia mzigo huo tu. Wakati wa Agosti na Septemba katika Katanga ni kiangazi kikavu ambapo nyasi huungua kila upande, na moto wa porini ulikuwa hatari kwa msafara uliochukua petroli na makombora.

Penye mteremko mkali wa Mitumba mashine zilishindwa. Magurudumu yalizunguka bila kusonga, ardhi ikabomoka, na hapo ikabidi kamba nene zipitishwe katika kapi zilizofungwa kwenye miti mikubwa, ng'ombe wafungwe upande mmoja wa kamba na kuswagwa kuteremka ili mzigo upande upande wa pili, hatua kwa hatua, huku watu wakitia magogo nyuma ya magurudumu kila zilipopatikana inchi chache. Baada ya kufika kileleni mambo yaligeuka, kwa maana sasa kazi ikawa kuzuia mzigo usiporomoke bondeni. Tabu ya maji ilikuwa kubwa zaidi. Mashine za mvuke hunywa maji mengi, vijito vilikuwa vimekauka, na wanaume wa msafara walipewa maji kwa kipimo. Wanawake wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuteka maji mbali na kuyaleta kwa mitungi kichwani ili yamiminwe katika matangi ya mashine. Ndiyo kusema kuna sehemu ya safari hii ambayo Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilienda kwa maji ya kichwani ya akina mama wa Katanga.

Chini ya sheria za koloni, chifu aliyetambuliwa na serikali alidaiwa kutoa watu kwa ajili ya barabara na uchukuzi, na wakati wa vita madai hayo yaliongezeka sana. Kwa hiyo si sahihi kuuita umati uliovuta boti hizo watumishi wa hiari, wala si sahihi kuutaja kama mandhari tu ya safari ya wazungu thelathini. Katika taarifa za maofisa wametajwa kwa idadi na kwa makabila, mara chache kwa majina. Tarehe 28 Septemba, baada ya siku 41 ambazo wastani wake haukufika kilomita 6 kwa siku, boti zote mbili zilifika Sankisia zikiwa nzima, siku chache kabla ya msimu wa mvua, ambao ungeigeuza njia yote kuwa tope.

Kutoka Bukama walitegemea mto, na mto huo, kinyume cha matumaini, ulikuwa na maji machache. Boti ziliinuliwa kwa mapipa matupu yaliyofungwa ubavuni ili zisizame sana majini, wapiga makasia wakaziongoza, na hata hivyo zilikwama mchangani mara nyingi, watu wakashuka na kuzisukuma. Njia hiyo hupita katika bonde la Upemba, nchi ya Waluba, ambapo Lualaba hutawanyika katika maziwa kama Kisale na kuingia kati ya matete na mafunjo. Hapa ndipo wataalamu wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, yenye vipande vya shaba vilivyosubiwa kwa umbo la msalaba, viitwavyo handa, ambavyo vilitumiwa kama fedha karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuiona nchi hiyo. Shaba ya vilima vya kusini ilikuwa ikiteremka kuja bondeni zamani, na msafara wa Mimi na Toutou ulifuata takriban mwelekeo uleule wa biashara.

Huko Kabalo mto ulikabidhi mzigo kwa reli nyingine. Kampuni ya Reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, ambayo kwa kifupi iliitwa CFL, ilikuwa imemaliza mwaka huohuo wa 1915 njia yake ya kilomita 273 kutoka Kabalo hadi ziwani, na katika siku za mwisho za Oktoba boti zilifika karibu na mdomo wa mto Lukuga, mahali palipoitwa baadaye Albertville na leo Kalemie. Hazikushushwa majini mara moja. Kwanza ilijengwa bandari ndogo yenye ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi, maana upepo wa ziwa hilo huweza kuvuruga maji kama ya bahari, na chombo kidogo kisicho na kinga hakiwezi kumaliza usiku mmoja wa dhoruba.

Wajerumani waliona kwamba kuna jambo linajengwa, ila hawakujua ni nini. Mwanzoni mwa Desemba kamanda wa Kingani, Luteni Rosenthal, aliogelea usiku kuja kupeleleza bandari, akashindwa kurudi chomboni kwake, akakamatwa. Nafasi yake ikachukuliwa na Luteni Junge, ambaye hakupata habari yoyote kutoka kwa mtangulizi wake. Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, Mimi na Toutou zikaelea ziwani kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilionekana ikipita polepole mbele ya pwani. Wanamaji wa Kiingereza walikuwa wamepangwa mstari kwa sala, na Spicer-Simson aliipokea habari hiyo bila kuikatiza ibada. Sala ilipokwisha boti zikatoka, zikaiacha stima ipite, kisha zikaifuata kutoka nyuma, yaani upande ambao mzinga wake haukuweza kuzilenga. Junge alipozitambua alijaribu kugeuza chombo ili mzinga ufanye kazi, lakini kombora la ratili 3 likapasua ngao ya mzinga na kumuua yeye pamoja na wenzake waliokuwa hapo. Mapigano yalichukua dakika 11 hivi. Fundi mkuu wa mitambo aliteremsha bendera, Mimi ikaigonga stima kwa bahati mbaya wakati wa kuikaribia, na Kingani, yenye tundu ubavuni na maji yakizidi ngamani, ikaletwa bandarini ambako iliketi chini katika maji ya kina kifupi. Umati wa watu wa Kalemie, askari wa Kibelgiji na wafanyakazi wa reli waliyaona mapigano yote kutoka vilimani.

Kilichofuata kinaonyesha kikosi hiki katika ubora wake. Bila chelezo, yaani bila mahali pa kupandishia meli kwa matengenezo, mafundi waliziba tundu, wakatoa maji, wakaielesha stima, na katika muda wa wiki chache ikawa tayari. Mbele palifungwa mzinga wa ratili 12, mkubwa kupita kiasi kwa chombo cha kadiri hiyo, na nyuma mzinga wa ratili 3. Ikaingizwa rasmi katika orodha ya meli za Mfalme kwa jina la Fifi, na hutajwa kuwa manowari ya kwanza ya Kijerumani iliyotekwa vitani na kuhamishiwa katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Spicer-Simson alipandishwa cheo, na akaifanya Fifi kuwa meli yake ya uongozi.

Zimmer, aliyekuwa Kigoma, hakujua kilichotokea. Kwa kuwa hakuamini kuwa adui ana meli, alidhani Kingani imepigwa na mizinga ya pwani, na tarehe 8 Februari 1916 akaituma Hedwig von Wissmann, chini ya Luteni Odebrecht, kwenda kuitafuta. Kesho yake stima hiyo ilikutana na kundi lililomshangaza nahodha wake: Fifi, Mimi na vyombo vidogo vya Wabelgiji vikija kwa pamoja. Odebrecht aligeuza na kukimbia. Fifi, iliyokuwa ikiendeshwa kwa kuni, haikuweza kumfikia, na kila mzinga wake wa mbele ulipopigwa, mrejeo wake uliipunguzia meli mwendo hadi karibu isimame. Ikabidi Mimi, iliyokuwa chini ya Luteni Wainwright, itangulie na kumchokoza adui kwa mzinga wake mdogo ili ageuke kujibu, na kila alipogeuka alipoteza masafa. Ndani ya Fifi makombora ya mzinga mkubwa yalikuwa yamebaki machache mno, na moja kati yake likakwama mzingani, mafundi wakahangaika nalo kwa dakika zipatazo 20 kabla ya kulitoa. Risasi zilizofuata zililenga. Moja iliingia chumba cha mitambo, na Wissmann ikazama kwa omo huku mabaharia waliosalia wakiokotwa majini. Bendera ya vita iliyookotwa humo ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutekwa na Waingereza katika vita hivyo.

Hapo ndipo sifa za kikosi zilipofikia kilele, na kusema kweli ndipo zilipokoma. Siku moja baadaye Graf von Götzen ilipita mbele ya Kalemie ikiitafuta Wissmann, na Spicer-Simson akakataa kutoka, kwa hofu ya mzinga wake mkubwa wa sentimita 10.5, uliotolewa katika manowari Königsberg baada ya kuzamishwa kwake delta ya Rufiji Julai 1915. Hofu hiyo ilikuwa na msingi siku ile, lakini aliendelea nayo hata baada ya Wajerumani kuuondoa mzinga huo kwa vita vya nchi kavu na kuweka mfano wa mbao mahali pake. Mwanzoni mwa Juni 1916 Fifi na wenzake walifika Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo, kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa njia ya maji. Spicer-Simson aliiona mizinga ya boma akarudi nyuma, Wajerumani wakaondoka kwa mashua, na majeshi yaliyokuja kwa miguu kutoka Rhodesia yalipoingia bomani yalikuta baadhi ya mizinga hiyo nayo ilikuwa ya mbao. Kazi iliyobaki ilifanywa na Wabelgiji, ambao ndege zao za kutua majini ziliishambulia Kigoma kwa mabomu mwezi Juni. Tarehe 26 Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen baada ya mafundi wake kuipaka mitambo grisi kwa uangalifu, na siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka. Meli hiyo iliibuliwa na Waingereza baada ya vita, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Fifi haikupata maisha marefu kama hayo. Vita vya ziwa vilipokwisha ilibaki chombo kikuukuu cha mvuke chenye mzinga usiolingana nacho, na kazi yake ilifikia mwisho katika miaka ya 1920. Umaarufu wake wa baadaye ulipitia riwaya ya C. S. Forester iliyoitwa The African Queen, iliyotoka mwaka 1935, na filamu ya John Huston ya mwaka 1951 iliyopigwa kwa sehemu nchini Kongo. Katika zote mbili stima ya Kijerumani imebaki, na barabara ya Mitumba pamoja na watu wake imetoweka kabisa.

Taasisi iliyodumu ni ile iliyoubeba msafara. Reli kutoka Fungurume ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu wakati huo bidhaa za Katanga ziliweza kushuka kwa meli hadi Kabalo, kwenda Kalemie kwa reli, kisha kuvuka ziwa mpaka Kigoma. Mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kwa jina la Belbase, na njia ambayo boti mbili ziliifungua kwa ajili ya vita ikawa njia ya biashara. Mwaka 1956 reli iliunganisha Kamina na Kabalo, kipande cha mto kikapoteza umuhimu wake, na kampuni zote hizo hatimaye zikawa chini ya shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC. Kolwezi, iliyoanzishwa na Union Minière katika miaka ya 1930, ilikua juu ya mfumo huo, ingawa siku hizi shaba na kobalti ya Fungurume na Kolwezi hutoka zaidi kwa malori kupitia Kasumbalesa kuliko kwa garimoshi.

Mwaka 2015, msafara ulipotimiza miaka 100, Katanga iligawanywa katika mikoa minne, na njia ya Mimi na Toutou inapita katika yote: Lubumbashi iko Haut-Katanga, Fungurume iko Lualaba, Sankisia na Bukama ziko Haut-Lomami, Kabalo na Kalemie ziko mkoa wa Tanganyika. Kampeni ya Wabelgiji iliyofika Tabora Septemba 1916 ilitumia wapagazi zaidi ya 200,000 kutoka Kongo, na waliovuta boti za Mitumba walikuwa mwanzo tu wa hesabu hiyo. Nahodha alipewa nishani na serikali mbili. Ingefaa vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi, pamoja na machifu wa Wasanga na Waluba, vikusanye yale ambayo familia za Fungurume, Sankisia na Bukama bado zinayasimulia kuhusu kiangazi cha 1915, na kuyaandika kwa majina ya watu.